Buti Nilizomfungia Mume Wangu

Buti la mlimani halijaribiwi kwa macho. Nasema mimi niliyeuza mitumba sokoni Kasulu miaka kumi na minne, na anayebisha aje. Unaweza kufungua belo ukakuta buti jipya kabisa, ngozi inang'aa, kamba hazijaona vumbi, ukadhani mwenyewe alikufa kabla hajalivaa. Ligeuze. Weka ukucha wa dole gumba pale kati, baina ya ngozi na soli ya chini, ubonyeze kwa nguvu. Panaporudi, chukua. Panapobaki shimo na chenga zikadondoka kama za muhogo uliooza, ujue hilo buti limekaa kabatini Ulaya miaka na miaka bila kuvaliwa, ndani limeshaoza. Utatembea nalo siku mbili tatu, halafu ngozi itabaki mguuni na soli itabaki njiani.

Haya nilifundishwa na kaka yangu, aliyebeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro misimu minane. Kule wapagazi wanaitwa wagumu. Kila akirudi nyumbani Muyama alikuja kukaa mezani kwangu, tukachambua belo pamoja, yeye akizitukana nguo. "Hii ya pamba tupa kule, dada. Pamba ikilowa jasho haikauki, mtu anakufa amevaa sweta tatu." Akanionyesha jaketi la manyoya ya bata: liminye, liachie, lisipovimba upya ni la kuvalia harusini. Koti la mvua nalo unalimwagia maji kwenye mkono. Yakitiririka ni zima, yakinywewa halikufai. Majirani zangu sokoni walituona vichaa, watu wazima kumwagia bidhaa maji.

Sasa mume wangu. Huyu alikuwa anapeleka nguo zangu kwenye gulio la Kibondo kila wiki. Mzuri wa sura, ana maneno, anajua kuuza, hilo sikatai. Mwaka ule nikakuta kwenye belo kajaketi kekundu ka mtoto, kana kofia na zipu ya dhahabu, nikamwekea mwanangu wa mwisho. Kakapotea. Nikauliza, akaniambia panya. Panya, jamani! Panya gani anakula zipu? Wiki mbili baadaye akalala na malaria, nikaenda Kibondo mwenyewe, nikatandika turubai, na hata adhuhuri haijafika nikakaona kajaketi kanatembea. Ndani yake mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu, kashikwa mkono na mama yake, na paji la uso ni lile lile ninaloamka nalo kila siku. Yule mwanamke alichagua sketi kwangu. Hakunijua. Nikamfungia vizuri kwenye mfuko, nikamwambia karibu tena mdogo wangu.

Sikugombana. Watu wanadhani hasira ni kelele. Yangu ilikaa tumboni kimya, ikala, ikanenepa.

Mwaka uliofuata gulio lilidorora, na yeye mwenyewe akampigia kaka yangu simu. "Shemeji, nitafutie nafasi huko mlimani." Nafasi ikapatikana ya mwezi wa saba, kipindi cha baridi kali kule juu. Kaka alikuwa kwenye kundi jingine, asingepanda naye, kwa hiyo akanikabidhi mimi. "Dada, mfungashie wewe. Unajua kila kitu."

Najua kila kitu, ndiyo.

Alifanya mazoezi wiki tatu. Asubuhi na ukungu wake alijitwisha gunia la maharage akapanda vilima vya Muyama, miguuni amevaa katambuga za tairi. Siku moja akaniuliza, "Mama watoto, si nivae buti zenyewe, nizizoee?" Nikamjibu, "Ebo! Uzimalizie vumbini? Buti za theluji huvaliwa kwenye theluji." Akaniamini. Mtoto wa mpagazi atakucheka ukisema hivyo, kwa sababu sheria ya kwanza ni kwamba buti livaliwe wiki kadhaa kabla ya safari, mguu na kiatu vijuane. Huo ndio uongo pekee niliomwambia. Mengine yote nilimwambia kweli tupu, na ndiyo maana hakuna aliyenishuku.

Maana nilimfungashia kuliko mke yeyote wa mgumu. Soksi za sufu jozi nne, moja ya kulalia tu, isiguse jasho. Fulana nyepesi za kukausha haraka, sweta laini la kati, jaketi la bata ndani ya mfuko wa nailoni ili lisilowe. Glavu kubwa kidogo, kwa sababu glavu ikibana damu haipiti. Nikamwambia chupa ya maji ailaze kichwa chini, kwani maji huanza kuganda juu. Nikamwambia kichwa kikimuuma sana ashuke, asijifanye mwanaume. Nikamwambia vidole vya miguu vikifa ganzi asivipeleke motoni, avitie kwapani kwa mwenzake. Alicheka sana hapo. "Nani atakubali miguu yangu kwapani?"

Buti, chini ya meza nilikuwa na jozi mbili za namba yake. Zote nilishazibonyeza. Ile nzima nilimpa mwalimu wa Titye aliyetaka kitu cha kuvukia matope. Asubuhi ya safari mume wangu alikuwa dirishani ananyoa ndevu kwenye kioo chetu kidogo, amenipa mgongo. Nikalitoa buti la kulia, nikabonyeza mara ya mwisho. Sijui kwa nini nilirudia. Labda nilitaka lenyewe linikatalie. Ukucha ukazama, chenga za kahawia zikanidondokea mapajani. Nikazifuta kwa pindo la khanga, nikalitumbukiza begini, nikafunga zipu.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilitaka aaibike tu, soli zing'oke siku ya kwanza getini, wenzake wamcheke arudi. Uongo. Kaka alishaniambia soli hizo huwa zinavumilia chini na kukatikia juu kwenye baridi. Nilijua ni wapi zingekatika.

Stendi nikampungia mkono. Basi lile hupitia Kibondo, na nililisindikiza kwa mawazo mpaka huko, nikasema moyoni, msalimie mwanao.

Siku ya nane kaka akapiga simu. Mvua ya barafu iliwakuta njiani kwenda kambi ya juu. Soli ya kulia iling'oka, kisha ya kushoto, akazifunga kwa kamba ya hema, kamba ikakatika. Alitembea zaidi ya saa mbili kwenye theluji, kichwani ana mzigo wa watu, chini ana ngozi mbili na soksi zilizolowa. Kambini hakuvisikia vidole tena. Hospitali wakamkata vyote vitano vya kulia na viwili vya kushoto.

"Lakini dada, Mungu akubariki," kaka akasema. "Daktari anasema lile jaketi na zile nguo kavu ndizo zilizomwacha hai. Hizo buti basi tu, mitumba ni bahati nasibu."

Nililia. Wanawake wa soko wakanishika, pole mwenzetu, pole. Sikulia kwa huruma peke yake. Nililia kwa woga kwamba kuna mtu angeziokota zile soli azitazame. Hakuna aliyeziokota.

Akarudi. Sasa ni mwaka wa tatu anauza pamoja nami, kwenye kigoda mbele ya meza. Hawezi tena kubeba kitu, na asipojaziwa kiatu upande wa mbele anapepesuka kama mlevi. Kila asubuhi ananyoosha mguu, nami nakata kwa mkasi kipande cha soksi kuukuu, nakikunja, nakijaza mahali palipokuwa na vidole. Tukifika sokoni ananisifu. "Mke wangu huyu ndiye aliyenifungashia. Kama si yeye mngenizika." Wateja wanapenda kisa chake, wananunua. Wakimuuliza kuhusu buti anacheka na kusema kikulacho ki nguoni mwako, nao wanacheka naye.

Juzi akaja kijana wa Makere anayekwenda kubeba mizigo msimu ujao. Akaokota buti jipya linalong'aa. Mume wangu akamnyang'anya, akaligeuza, akaweka ukucha wa dole gumba pale pale kati, akabonyeza. "Hili ni zima. Lingekuwa bovu ungeona chenga. Lakini livae kuanzia leo, ulizoee."

"Nani alikufundisha, mzee?"

"Mke wangu. Nilimwona kwenye kioo nikinyoa."

Kijana akalipa, akaenda. Nikapanga mashati ambayo yalishapangwa. Mwishowe nikamuuliza, bila kumtazama.

"Uliziona chenga?"

"Niliziona. Na khanga nikaiona."

"Mbona ukazivaa?"

"Nilikaa dirishani kwenye basi nikikungoja. Nilisema, huyu atapanda aninyang'anye hili begi. Hata kama anajua ya Kibondo, atapanda. Ukanipungia mkono." Akajikuna goti. "Halafu nikaona haya kuzitupa, nikadhani zitavumilia. Sikuijua baridi ile."

"Na miaka yote hii unanisifia mbele za watu."

"Nikuseme? Wangekupiga mawe, wangekuonea huruma, mambo yangekwisha." Hakupandisha sauti, akasema kama anayetaja bei ya shati. "Kibondo walinitaka niende kukaa kule. Mama yake mtoto alinipigia hata hospitalini. Nikakataa. Kule nani angenijazia kiatu?"

Akamwita mteja aliyekuwa anapita, karibu mama, sweta nzuri za baridi, mke wangu anazijua kuliko mtu yeyote. Yule mama akasimama.

Asubuhi iliyofuata alinyoosha mguu kama kawaida. Nikachukua mkasi.