Talaka Niliyoiandika Mimi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichunguza jambo moja: kwa nini mwanafunzi wa chuo anayeanza somo la hisabati kwa njia ya mtandao huliacha kabla ya kulimaliza, ilhali mwenzake, mwenye simu ileile na shida zilezile, huendelea. Niliwapigia simu wote walioorodheshwa kuwa wameacha kozi yetu, nikawauliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, nikarekodi sauti zao, kisha kila jibu nikalitia katika safu yake: mtandao, ugonjwa, kazi, ndoa. Nilijivunia usafi wa safu zile.

Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja kijana wa Jibondo, kisiwa kidogo kilicho kusini mwa Mafia. Alama zake za mwanzo zilikuwa nzuri mno, ndiyo maana kutoweka kwake katikati ya kozi kulinisumbua. Siku ile simu ilikuwa ikikatikakatika. Nilimwuliza sababu ya kuacha masomo, akajibu: "Sikuacha, mwalimu. Niliachwa."

Nilimpa pole. Niliuliza kama wana watoto, akasema wawili. Kwa kuwa utaratibu wetu ulikataza kumchokonoa mtu mwenye msiba wa nyumbani, niliyaruka maswali yaliyobaki, nikaandika katika safu ya ndoa: talaka. Nakumbuka niliridhika na staha yangu.

Mwaka huu nilikwenda Mafia kuwaona ana kwa ana wachache kati ya wale niliowahoji. Nilivuka asubuhi kwa chombo kutoka Utende, kwenye kisiwa kikubwa, na watu wa Jibondo wakanielekeza kwenye nyumba ambayo mbele yake mwanamume mmoja alikuwa akiranda ubao wa mashua. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, nikajitambulisha, nikamtaja niliyemtafuta.

"Bila shaka wewe ni kaka yake," nikaongeza.

"Kaka? Mimi mumewe."

Hapo ningenyamaza. Lakini mtu aliyezoea kuhakiki takwimu zake hanyamazi. "Kumbe mmerudiana?" nikauliza.

"Kwani tuliachana lini?" Aliweka randa chini, akageukia mlangoni akapaza sauti: "Mke wangu, hebu toka nje! Kumbe nilikuacha, tena chuo kina habari. Mimi tu ndiye sikuambiwa!"

Jirani aliyekuwa akianika pweza alicheka hadi akashika kiuno. "Na eda alikalia wapi, jamani? Maana jana tu nimemwona anakupakulia wali!"

"Muulize mwalimu," mume akasema. "Yeye ndiye kadhi wetu siku hizi."

Mimi sikucheka. Mwanafunzi wangu alitoka akijifuta mikono, akaniamkia kwa adabu, akakaa barazani. Yeye naye hakucheka sana.

"Nilisema niliachwa na somo, mwalimu," alieleza polepole. "Mada inafunguliwa Jumatatu, inafungwa Jumapili. Hapa petu mtandao wa kufungulia video haupo, lazima nivuke Utende. Wiki ile bahari ilichafuka, hakuna chombo kilichotoka. Nilipofika, mada imefungwa, na inayofuata haifunguki mpaka uwe umefaulu ile. Sasa nikuambie nini? Boti ya Nyamisati ikiondoka nawe bado uko njiani, si unasema umeachwa?"

"Nami nikakuuliza habari za watoto."

"Nilishangaa. Nikasema labda hisabati za siku hizi zimeingia hadi huko."

Nikatoa kompyuta, nikafungua jedwali langu ili nirekebishe safu. Ndipo nilipopigwa na jambo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Ripoti yangu ilikuwa imekwishatumika. Chuo kiliwaita wote waliokuwa katika safu ya mtandao wakafanya mtihani wa marudio. Waliokuwa katika safu ya ndoa hawakuitwa, kwa hoja niliyoiandika mimi mwenyewe, kwamba sababu zao ziko nje ya uwezo wa chuo.

"Wenzako walifanya marudio mwezi uliopita," nilimwambia.

"Marudio gani?"

Nikaeleza yote, bila kujitetea. Mwanafunzi alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na madaftari mawili. Mada zote zilizofungwa alikuwa amezifanya, kwa kitabu alichoazima kwa mwalimu wa sekondari: zoezi kwa zoezi, hatua kwa hatua, hata zile ambazo wengi huziruka. Katika jedwali langu siku zote hizo ziliandikwa neno moja: hayupo.

"Karatasi ya mtihani huo unayo?" akauliza.

Nilikuwa nayo, kwa kuwa nilishiriki kuitunga. Aliufanya palepale barazani, kwa muda uleule waliopewa wenzake. Mume aliacha kuranda ili asimpigie kelele, na jirani akawa anawarudisha nyuma watoto waliotaka kupita. Nilisahihisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuyaamini macho yangu. Alikuwa amefaulu, tena kwa alama ambayo wachache kati ya walioitwa waliipata.

"Utaipeleka?" akauliza.

"Nitaipeleka, pamoja na barua ya kukiri kosa langu."

"Na wakikataa?" mume akauliza. Safari hii hakuwa na utani.

Walikataa. Matokeo, walisema, yamekwishapitishwa. Mtihani uliofanywa nje ya usimamizi wa chuo hautambuliki. Mwanafunzi ajiandikishe upya na kuanza mada ya kwanza. Niliomba ripoti yangu iondolewe, nikaanza kuzisikiliza upya sauti zote nilizorekodi, moja baada ya nyingine, maana sasa siliamini tena neno lolote nililolielewa upesi.

Habari ile nilimpa mwanafunzi wangu mimi mwenyewe, kwa simu.

"Mada ya kwanza ni seti," akasema. "Ile naijua. Inafunguliwa lini?"

Nikamwambia Jumatatu.

"Basi Jumapili nitalala Utende."