Mupimaji wa Mikaratusi

Ilikuwa mwaka wa 1981. Hapana, 82, kwani mwaka wa 81 mupimaji wa kwanza, murefu kama nguzo, alikuwa hajaacha bado kazi kwenda kuuza samaki Kasenyi, kando ya ziwa. Huyu wa pili alikuwa mufupi. Kila asubuhi aligonga shina la mukaratusi mara mbili kama mutu anayebisha hodi, akalizungushia utepe, akataja namba kwa Kifaransa, polepole, vidole vyake vyeusi kwa utomvu vikishika kalamu kama mupini wa jembe. Shamba hilo la kujaribia miti, nje kidogo ya Bunia, liliishi kwa feza ya inchi tatu za ng'ambo. Bila feza hiyo, yeye na wenzake kumi wangerudi nyumbani.

Siku wageni wa inchi hizo walipokuja, walisoma daftari, wakalinganisha na vipimo vya miti ya kwao, wakafurahi: kwa mwaka mumoja miti ilikuwa imenenepa ajabu! Feza ingeongezwa. Agronomu Henri, mukubwa wa shamba, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mupimaji akasogelea muti mumoja, akauegemea kwa kifua.

"Bakubwa, miti haikunenepa hivyo. Karatasi yenu inasema tupime kwenye kifua, pale kifua ya mutu inafika. Mwenzangu alikuwa murefu, alipima kule juu. Miye napima hapa chini, kwenye muti iko munene."

"Nyamaza, muzee, unatuua!" Henri akanong'ona.

Lakini mupimaji alikuwa na jambo moja bado, akaliuliza kwa upole: "Na ile miti ya kwenu munayolinganisha na hii, ilipimwa kwa kifua ya nani?"