Siku Mama Alipoomba Ufagio

Wiki iliyopita mtu alimwaga chai kwenye maktaba ya Barking, hapa London, karibu na meza ninayopenda kukaa, na mfanyakazi akaja na ndoo na tambara badala ya mopu. Akapiga magoti, akafuta. Sakafu ile ni ya mbao, na mbao kuukuu zikipata maji ya sabuni hutoa harufu nzito, kama ya kabati lililofungwa muda mrefu. Nilifunga kitabu. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimeinama, mikono chini na makalio juu, nashindana mbio za tambara na watoto wa Kijapani.

Msinicheke, nitawaeleza. Mimi na mama tulikuwa tukiishi chumba cha juu kabisa katika nyumba ya matofali mekundu huko Finchley, na chini yetu kulikuwa na shule ndogo ya watoto wa Kijapani. Baba zao waliletwa London na mabenki na makampuni ya kwao, wakakaa miaka mitatu minne, wakarudishwa, wakaja wengine. Asubuhi mama alikuwa akiwafundisha watoto Kiingereza, na alasiri akiwafundisha mama zao: namna ya kumweleza daktari maumivu, namna ya kumwambia mwenye duka kwamba samaki huyu si wa leo. Unguja alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana. Tulipofika London baada ya Mapinduzi, cheti chake hakikumfaa kitu kwa Waingereza. Mwalimu mkuu wa shule ile, Bi Morita, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, hakukiuliza. Alimsikiliza mama akisoma ukurasa mmoja, akautazama mwandiko wake ubaoni, akampa kazi na chumba. Wakamwita Saruma-sensei, yaani Mwalimu Salma, na mimi nikawa Rahima-chan, jina ambalo lilinifanya nijione mtu mkubwa ingawa, kama nilivyokuja kujua, ni la kuitia watoto.

Shule ile haikuwa na mfagizi. Kabla ya kwenda nyumbani watoto wote walisafisha, na walimu pamoja nao. Fagio zilining'inia ukutani kwa mstari, kubwa za walimu na ndogo za watoto. Siku ya kwanza mama alipopewa ufagio aliurudisha kwenye msumari wake taratibu, akaomba ndoo na tambara, akakunja mikono ya blauzi, akapiga magoti. Watoto wakadhani Afrika hakuna fagio. Mmoja aliniuliza hivyo hivyo, kwa huruma kabisa, nami nikamjibu kwamba kwetu sakafu hujisafisha zenyewe. Kesho yake Bi Morita naye alikuja na tambara, akapiga magoti kando ya mama, na hakuuliza kitu. Mimi pia nilikatazwa ufagio, basi nikawa bingwa wa tambara. Wajapani wana namna yao ya kulisukuma kwa mikono miwili huku wanakimbia ukumbi mzima, na hakuna mtoto wa benki yoyote aliyenishinda.

Sababu ya mama niliijua. Kwetu mtu akisafiri nyumba haifagiwi mpaka isikike kwamba amefika. Ukifagia mapema umemfagia na yeye. Sasa, asubuhi moja, muda mfupi baada ya Mapinduzi, waliingia watu wawili nyumbani kwetu Unguja. Walitoa salamu vizuri tu, wakamwambia baba anahitajika kwa maswali mawili matatu. Baba alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka, akavaa makubadhi, akasema, "Narudi sasa hivi. Msinimalizie mkate wa kumimina." Mama hakushika ufagio siku ile, wala ya pili yake, wala wiki iliyofuata. Jirani akaja akamwambia, "Shoga, mutaota uyoga humu ndani." Mama akacheka naye, na hakufagia. Tulipoondoka kupitia Mombasa tuliiacha nyumba na mchanga wake. Na kwa kuwa baba alikuwa hajafika popote, mama alijikataza ufagio kila mahali alipokaa. Hilo halimo katika mila yetu. Alilitunga mwenyewe, akalishika kuliko mila yenyewe.

Chumbani kwetu, nyuma ya mlango, lilitundikwa koti la kiume la sufu, rangi ya majivu, ambalo mama alilinunua mtumba mwaka wetu wa kwanza. "Baba yako atakuja hana nguo ya baridi," alisema. Koti lile liliishi nasi. Mlango ukifunguliwa lilitikisika mabega. Siku za upepo mikono yake ilipapasa ubao polepole, na mimi nilikuwa nikilipa shikamoo kila nikitoka shule, kwanza kwa mchezo, baadaye kwa woga, kwa sababu nilianza kuhisi kwamba nisiposalimia litaudhika. Uso wa baba ulikuwa umekwisha kunitoka. Nikijitahidi kumkumbuka, lilikuja koti.

Kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ilimpa mama nyumba Thamesmead, upande wa pili wa jiji, akaikataa. Ikampa tena, akaikataa tena. Rafiki zake wa Kiunguja, wachache waliokuwako London siku zile, walimwona mwehu: mtu anaacha jiko lake na bafu lake, anabaki kupanga foleni ya choo na watoto wa chekechea? Lakini baba alikuwa amepelekewa maneno kwa mdomo wa msafiri: Finchley, mlango wa kijani, kwa Wajapani. Tukihama atatupataje? Hilo ndilo lililokuwa swali la nyumba yetu, na mimi nililala nalo na kuamka nalo.

Kila mwezi wa Machi kulikuwa na kuagana. Familia zilizomaliza muda wao London zilisimama mbele, watoto wakaimba, mama zao wakafuta machozi kwa vitambaa vilivyopigwa pasi, na kila anayeondoka akapewa ua la rangi. Kisha waliobaki walitoka nje wote, wakasimama wakipunga mkono mpaka gari likate kona, hata kama mvua inawamwagikia. Mama hakutoka hata mara moja. Alibaki darasani akifuta ubao ambao ulikuwa safi. Nilimwambia mara moja, "Mama, toka basi, wanakwenda kwao." Akasema, "Najua. Ndiyo maana sitoki."

Basi Jumamosi moja alikuja mgeni. Alikuwa Ami Khalfan, mtu wa mtaani kwetu Unguja, aliyetoka kifungoni mwaka ule na kupata njia ya kuja Ulaya. Suti ilimzidi, na alikohoa kikohozi cha mtu aliyelala chini siku nyingi. Mama alimkaribisha darasani, na kwa kuwa viti vya pale vilikuwa vya watoto, yule mzee aliketi magoti yakimfika kifuani, nami nikauma mdomo nisicheke. Mama akaniambia, "Rahima, wende juu." Nilikwenda juu, nikalala chali, nikageuka, nikaweka sikio kwenye mbao. Sikusikia ila kikohozi. Niliposhuka alikwisha kuondoka, na chai yake ilikuwa haijaguswa.

"Kasemaje? Kamuona baba?"

"Kasema karafuu mwaka huu nyingi," mama alijibu.

Baadaye Bi Morita aliingia darasani akafunga mlango. Nilichungulia kwenye kioo. Mama alikuwa akisema, akisema bila kusita, yeye ambaye nyumbani humtoi neno, na mkono wa Bi Morita ulikuwa mgongoni kwake. Niliona wivu. Nilidhani wanapanga jambo la shule.

Siku chache zikapita. Nilikuwa dirishani nikifunga viatu nikaona chini bustanini mtu amesimama, amenipa mgongo, amevaa koti la baba. Lile lile, sufu ya majivu, mabega yale yale. Kisha nilishuka ngazi nusu nimevaa kiatu nusu sikuvaa, nikipiga ukelele, "Baba! Baba kaja!" na watoto wakatoa vichwa madarasani. Yule mtu akageuka. Alikuwa mzee wa Kiingereza aliyekuja kukata majani na kuangalia boila ya kupasha nyumba joto. Akanitazama, akalitazama koti, akaanza kulivua, maskini, kama mtu aliyekutwa na cha mwenzake.

Mama akatoka, akamwambia alivae tu. Akanishika bega.

"Baridi imemzidi yule mzee," alisema.

"Na baba je? Akija atavaa nini?"

"Baba yako hasikii baridi."

Nililichukulia kuwa ni sifa. Niliwaambia watoto wote kwamba baba yangu hasikii baridi, na wao wakaona ni jambo kubwa.

Wiki ile ile mama alisema tunahamia Thamesmead. Sikuyaamini masikio yangu. Nilimlilia kwa lile swali letu: atatupataje? Alikuwa akikunja nguo, akazikunja, akazikunjua, akazikunja upya. Asubuhi ya kuondoka alishuka kwa Bi Morita nami nikamfuata nyuma. Akasema, "Naomba ufagio." Kwa Kiingereza, hivyo tu. Bi Morita aliuondoa ule mkubwa kwenye msumari, akampa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

Mama alikifagia chumba chetu. Alianzia pembe ya mbali, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, na nyuma ya mlango pale lilipokuwa koti. Hakuwa na haraka. Vumbi lilipanda kwenye mwanga wa dirisha, nami nikapiga chafya, nikafurahi kwelikweli, kwa sababu akili yangu ilikwenda moja kwa moja: ikiwa mama anafagia, basi baba amefika. Amefika pahali. Nilimuuliza, "Tunamfuata baba?"

Akasimama na ufagio. "Naam, mwanangu. Sisi ndio tutakaomfuata."

Nikavaa gauni langu la njano. Chini, wanawake wa shule walikuwa wamesimama mistari miwili, wanafunzi wa mama wa alasiri, na hata wengine waliokwisha kuacha masomo. Watoto hawakuletwa. Wote walivaa nyeusi, gauni nyeusi, viatu vyeusi, na shingoni kila mmoja mkufu mmoja wa lulu. Niliona wamependeza. Hakuna aliyeimba. Walipita mmoja mmoja, wakamwekea mama ua jeupe mikononi, wakainama, na kuinama kwao siku ile kulikuwa kwa chini mno na kwa muda mrefu. Mimi niliinama kila mara nikashindana nao, mpaka nywele zikanimwagikia usoni. Na kwa kuwa walikuwa kimya mno, na mimi sikupenda kimya, nikasema kwa sauti ya kusomea darasani, "Tunakwenda kumfuata baba yangu!"

Mmoja wao akaziba mdomo kwa mkono. Wengine wakatazama chini. Nilidhani wametuonea huruma kwa kuwa ni mbali.

Walitoka nje na kusimama njiani mpaka gari letu likakata kona. Mama, ambaye hakupata kutoka nje kumuaga mtu yeyote, aligeuka kwenye kiti akawatazama kwa kioo cha nyuma mpaka mwisho.

Thamesmead tulikaa ghorofa ya nne. Kwa miaka, kila niliposikia lifti inasimama kwetu nilikwenda kufungua mlango. Nilikuwa na miaka kumi na sita mama aliponiambia, jikoni, akimenya vitunguu, kwamba baba alifia kifungoni mwaka ule ule waliomchukua, na Ami Khalfan alikuwa naye chumba kimoja. Nilimkasirikia, na sijui kama hasira ile imeisha yote. Lakini hata siku hiyo hatukuzungumza kuhusu Finchley.

Mwaka jana Bi Morita alifariki, mzee sana, hapa hapa London, nami nikaenda kumzika. Nilifungua mlango wa ukumbi wa mazishi. Mistari miwili ya wanawake. Gauni nyeusi, viatu vyeusi, mkufu mmoja wa lulu kwa kila shingo, ua jeupe kwa kila mkono. Wakainama, kwa chini mno na kwa muda mrefu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Siku hizi haoni vizuri, lakini alijua kwa pumzi zangu kwamba sikuja kwa salamu.

"Mama, siku ile tunahama, wale walikuwa msibani?"

Alipapasa kiti kilicho kando yake, akanionyesha nikae.

"Bibi yako alikuwa bado yuko Unguja," alisema. "N'ngelia mbele ya watu wetu, kilio changu kingefika kule kabla ya wiki, na waliomchukua baba yako wangemwendea kumuuliza nani katoa siri. Wale Wajapani hawakuwa na mtu wa kumwambia. N'kamwambia Morita, nataka mume wangu aagwe. Akaniuliza, kwenu huvaliwa nini? N'kamwambia, vaeni ya kwenu."

"Na mimi hukuniambia."

"Wewe ulikuwa umefurahi, Rahima. Ulikuwa umefurahi, sikuweza."

Basi baba yangu aliagwa Finchley, na wanawake ambao hawakupata kumuona wala kuweza kulitamka jina lake. Na mtoto wake wa pekee alisimama katikati ya msiba ule na gauni la njano, akawatangazia waliofika, kwa Kiingereza safi alichofundishwa na mjane wa marehemu, kwamba tunakwenda kumfuata.