Tawi Ambalo Sikuliweka

Enzi zetu kule Katangi, mtoto hakwenda shule mikono mitupu. Begani mfuko wa vitabu, mkononi mtungi wa lita tano wa maji ya kumwagia sakafu ya darasa isitimue vumbi, na kila Ijumaa kinyesi cha ng'ombe cha kuikandika. Mwambie kijana wa leo abebe kinyesi cha ng'ombe uone kama hatakuitia wakili! Sisi tulikibeba tukiimba, tukanawa, kisha tukala muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa kwenye kinu na kupikwa na maharagwe, mpaka tumbo likakaza kama ngoma.

Maji tuliyachota mtoni. Tuliuita mto, ingawa miezi mingi ulikuwa mchanga mtupu, na kila boma lilichimba kisima chake humo na kukizungushia miiba ili punda wasiingie. Ilikuwepo desturi moja. Ukikuta kisima kimeharibika, kiwe chenu au cha jirani, unalaza tawi la mwiba juu ya mdomo wake. Atakayekuja ataliona na kwenda kuchota kwingine. Hatukumbuki nani alitufundisha.

Jumanne moja nilitoroka shule kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kuosha vyoo. Nikiwa kichakani ukingoni mwa mto, nachuma matunda pori, nilimwona mchungaji mgeni akisuuza pampu ya dawa ya kupe ndani ya kisima cha akina Mwende, kisha akaenda zake. Mwende tulikaa naye dawati moja. Kwa mbio alituacha wote, wavulana kwa wasichana, na alikuwa ameshachaguliwa kwenda kutukimbilia mashindano ya wilaya.

Hata mdomo nisingelazimika kuufungua. Tawi moja tu lingetosha. Lakini niliwaza watu watakavyouliza nani ameliweka, saa ngapi, na alikuwa anafanya nini mtoni wakati wenzake wako darasani. Nikaenda nyumbani.

Asubuhi Mwende alijaza mtungi wake wa shule, akanywa njiani. Kabla ya saa nne alikuwa anatokwa na jasho na mate, anatetemeka mwili mzima, akakimbizwa hospitalini kwa pikapu ya mwenye duka. Susu yake, yaani nyanya aliyemlea, alikuwa bado anatumia maji ya juzi yaliyokuwa kwenye nyungu, ndiyo maana yeye alipona. Habari zikatufikia kwamba daktari anauliza mtoto amekula nini, amekunywa nini, na susu anajibu, "Ni uji tu, daktari." Jumatano nikanyamaza kwa kuogopa kiboko. Alhamisi nikanyamaza kwa kuogopa kuulizwa kwa nini sikusema Jumatano.

Ijumaa nilishindwa, nikamweleza mama. Hakunipiga, na ningependa angenipiga.

"Na mbona hukusema?"

"Hakuna mtu aliniuliza, mama."

"Nyumba ya jirani ikishika moto, utangoja watu wakuulize?"

Akanishika mkono mpaka hospitalini, nikamwambia daktari mwenyewe, susu akisikia. Daktari aliandika haraka, akasema kwamba angeyajua hayo siku ya kwanza ingekuwa afadhali. Mwende aliokoka, lakini miguu yake haikurudi ilivyokuwa. Hakukimbia tena.

Wapo wanaonifariji kwamba nilikuwa mtoto, na kwamba dawa sikuimwaga mimi. Nawakatalia. Yule mchungaji hakujua atakayekunywa ni nani; mimi nilimjua, na kisima nilikijua. Kosa ni langu, nalisema bila kigugumizi, na Mwende nilishamwambia ana kwa ana.

Siku hizi mabomba yamefika, na vijana wetu wanatangaza kwenye simu hata chai waliyokunywa. Tunawacheka, lakini sijui kama kuna anayejali kuhusu kisima cha jirani tena. Sisi tulijali, na bado mimi nilishindwa siku moja.

Kila tukikutana wa rika letu tunatamani enzi zile zirudi, na Mwende anazitamani kuliko sote. Krismasi iliyopita tulikaa uani kwangu tukiwatazama wanangu wakishindana mbio.

"Hawa mimi ningewashinda," akasema.

"Najua," nikamjibu.