Kitambaa cha Mama Zuhra

Nyumbani kwa Mama Zuhra, hapa Kasulu, hakuna kitu kilichokuwa kinakaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, televisheni ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Jina lake mwenyewe ni Adija. Anauza nyuzi sokoni na kufuma vitambaa vya makochi, na ukimtendea wema hakushukuru kwa mdomo, anakufumia. Mimi mwalimu wa fizikia, mtu wa kuja kutoka Kilimanjaro, nilifumiwa hadi cha kufunikia boksi la chaki. Chaki, jamani!

Mwaka 2014 bintiye Zuhra alifaulu kidato cha sita, akasema anataka kusomea uhandisi wa vifaa tiba, atengeneze mashine za hospitali. Mama yake akaniita tumchagulie chuo. Nilikwenda stesheneri nikachapisha picha za vyuo viwili, vyote mbali. Katika kimoja, mashine zimepangwa zinang'aa, kila moja na kifuniko chake. Katika kingine, wanafunzi wamechuchumaa katikati ya mashine zilizofumuliwa, nyaya nje, grisi hadi kwenye viwiko.

Mama Zuhra alichagua hata sijakaa vizuri.

"Hiki hapa. Hawa wanajua kutunza."

"Mama, mimi nataka hiki kingine," Zuhra akasema.

"Hiki cha mabovu? Nikupeleke mbali kote huko ukakae jalalani? Mwalimu, mwambie mwanao."

Nilimwambia yeye mama. Nilimuuliza, mtoto atajifunzaje kutengeneza mahali ambapo hakuna kinachofunguliwa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikachukua kofia yangu nikaondoka. Maombi ya vyuo yalikuwa yanakaribia kufungwa, na Zuhra asingeomba popote bila ridhaa ya mama yake.

Wiki hiyohiyo mzee Badru, baba yake Mama Zuhra, akalazwa kituo cha afya kwa ajili ya kifua. Wakamwekea mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani, kuichuja na kumpelekea mgonjwa kwa mpira wa puani. Kilikuwa kiangazi, na kiangazi cha huku vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi.

Jioni niliongozana na Zuhra kumpelekea babu yake uji. Tulipofungua mlango, nilipigwa na butwaa. Mashine haionekani! Badala yake kulikuwa na kitambaa kipya, cheupe chenye maua ya zambarau, kimeifunika mashine kutoka juu hadi sakafuni, na ndani kimeshonewa bitana ya nailoni ili vumbi lisipenye. Humo ndani kitu kilikuwa kinalia pii, pii, kwa sauti iliyofifia. Mama Zuhra alikuwa amekaa kando, anamalizia pindo, anatabasamu.

"Karibuni. Nimewafunikia mashine yao, masikini, ilikuwa inakula vumbi tu. Hata kelele imepungua."

Nikamtazama mzee Badru. Midomo ilikuwa ya kijivu.

Zuhra aliachia chupa ya uji ikapasuka. Alikivuta kitambaa kwa mikono miwili, joto likatupiga usoni.

"Mama! Inavuta hewa hapa nyuma! Umeiziba!"

Akapiga kelele kumwita nesi. Nesi akaja mbio, akamhamishia mzee kwenye mtungi wa oksijeni.

"Mawe! Data! Data!" Mama Zuhra alimlilia baba yake kwa Kiha: mama wee, baba, baba. Sijawahi kuona mtu ameshtuka vile. Mikono yake, ambayo sikupata kuiona imetulia hata siku moja, ilikuwa imeganda hewani na sindano ya kufumia bado iko vidoleni. Mimi nikawa nafoka tu, na sijui nilikuwa namfokea nani.

Rangi ya mzee ilirudi taratibu. Alipoweza kusema, aliulizia uji wake.

Asubuhi Mama Zuhra akaniita tena kwake. Niliingia nikadhani nimepotea nyumba. Vitambaa vyote alikuwa amevivua na kuvirundika kwenye kochi, na yeye amepiga magoti nyuma ya televisheni, anaipapasa kwa kiganja. Hakunigeukia.

"Mwalimu, kile chuo cha mabovu. Huko ndiko wanakofundishwa kitu kinapumulia wapi?"

"Ndiko."

"Basi muombee huko. Leo hii."