Msiba wa Nyumba Namba Saba

Wale wanaosema nilipiga nduru bure, nawauliza: nyinyi mngefanya nini? Jumamosi, saa nane mchana, kazi ya kuchuma imeisha, laini nzima ya nyumba za wafanyakazi iko nje, watoto wanafukuzana, wanawake wanasukana nywele, halafu mlango wa Mama Ajwang umefungwa. Umefungwa kwa ndani! Kwetu hakuna mtu anayefunga mlango mchana. Ukiufunga, basi wewe ni mgonjwa, au unagombana na bwana yako, au umepata barua mbaya ya nyumbani. Na bwana yake, Opiyo, alikuwa kiwandani kwenye mashine ya kumenya kahawa, kwa hivyo hawakuwa wanagombana.

Wacha nieleze vizuri, maana watu wameiharibu hii hadithi.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Mimi ni Nakhumicha, Mama Jared, wa nyumba namba nane. Namba saba ilikuwa ya Aoko, ambaye sote tulimwita Mama Ajwang. Watoto sita, miaka arobaini na kitu, mgongo umeanza kumlalamikia. Alijifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni la kanisa, na hapo ndipo alipojiponza. Laini nzima ikawa inakimbilia kwake. Barua ya mahari, kwa Mama Ajwang. Barua ya ng'ombe aliyepotea, kwa Mama Ajwang. Alisoma barua zetu mpaka akawajua mbuzi wetu wote kwa majina, na hajawahi kuwaona.

Lakini cha kwake mwenyewe kusoma, hakuna.

Halafu Mwalimu Wainaina, aliyefundisha watoto kanisani, akamletea kitabu. Siku hizo za Hali ya Hatari si kila mtu angeweza kwenda Thika, ila Mwalimu alikuwa na pasi ya kusafiri, na huko kulikuwa na sanduku la vitabu vya kuazima. Wiki mbili tu, kisha kinarudi, na kikirudi ndiyo basi, kinaweza kupewa mtu yeyote.

Mayi wee, alivyohangaika na kile kitabu! Akikifungua jikoni, mtoto anaanguka. Akikipeleka shambani, nyapara anafikiri anajificha kazi. Siku moja alikwenda nacho chooni, na kwa sababu choo kilikuwa kimoja kwa nyumba kumi, tulipanga foleni tukigonga bati. Mimi niligonga zaidi ya wote, sikatai. Siku kumi na tatu zikapita, na bado kurasa arobaini.

Sasa ile Jumamosi nami nilikuwa nimepata barua. Kutoka Kitale, kwa mwanangu Jared. Mkewe, Nekoye, alikuwa na mimba ya tatu, na zile mbili za kwanza zilitoka. Kwa hivyo hiyo barua niliiogopa. Niliitia kifuani, nikaenda namba saba nisomewe. Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Mlango ulikuwa na ufa, na jicho langu likaenda lenyewe.

Nikamwona Mama Ajwang ameketi sakafuni, karatasi mkononi, machozi yanamwagika. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa tangu Krismasi. Nikajua ameenda.

Nikapiga nduru.

Na nduru yangu, nisijisifu, inafika mpaka mtoni. Kabla sijavuta pumzi ya pili, wanawake wameshafika, huyu na kuni, huyu na unga, huyu na majani ya chai. Wawili walikuwa wameshaketi chini, miguu wameinyoosha, wanaimba wimbo wa matanga. Nyapara akaja mbio kuuliza mkutano huu umeruhusiwa na nani. Opiyo akatoka kiwandani na buti zake za mpira, maganda ya kahawa mpaka kwenye nywele, analia kabla hajaambiwa ni nani.

Mlango ukafunguliwa. Mama Ajwang akatuangalia, macho mekundu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Ala! Si wewe ndiye utuambie?" nikasema. "Nimekuona na macho yangu ukilia na barua!"

Akainua mkono. Kumbe haikuwa barua. Kilikuwa kitabu, jalada la kahawia, jani la kahawa limetiwa katikati.

"Ni punda," akasema kwa sauti ndogo. "Punda wa mjane. Maji yamembeba wakivuka mto. Nami nilikuwa nimempenda."

Wale wawili wa wimbo wakakunja miguu polepole.

"Punda," Opiyo akasema. "Nimeacha mashine ikizunguka peke yake kwa sababu ya punda. Punda ambaye hayuko!"

Basi Mama Ajwang akalipuka. Miaka tisa tumekaa ukuta mmoja, sijawahi kumsikia hivyo.

"Ndiyo, namlilia punda! Kwani mlitaka nililie nini? Nimezaa sita, nimechuma, nimepika, nimebeba maji, nimewasomea barua zenu zote. Kuna mmoja wenu aliyewahi kuniuliza mimi nataka kusoma nini? Mwalimu anakuja saa kumi na moja kuchukua kitabu chake. Nataka kujua huyu mjane atafikaje kwao bila punda. Ni hayo tu! Alasiri moja, mtu asiniite! Ni kitu kikubwa hicho?"

Niliona aibu, na mimi si mtu wa kuona aibu upesi. Nikaangalia chini, na pale chini nikaona unga. Vibuyu vinne. Sasa, unga ukishafika matangani haurudi ulikotoka. Hiyo kwetu kila mtu anaijua, na kwa kabila la Mama Ajwang pia. Ukiubeba kurudi nao kwako, umebeba na kifo.

"Sikilizeni!" nikasema. "Machozi yapo? Yapo. Unga upo? Upo. Kuni zipo? Basi huu ni msiba. Na mfiwa hapiki, hatumwi maji, haulizwi sufuria iko wapi. Mama Ajwang, rudi ndani umlilie punda wako. Sisi tutapika kwangu, na watoto wako watakula huko."

Opiyo akafungua mdomo.

"Baba Ajwang, nenda uzime mashine yako, halafu urudi uketi. Wewe pia umefiwa."

Akaenda, akarudi, akaketi.

Nikaweka kigoda pale mlangoni namba saba, nikakaa. Aliyekuja kuomba chumvi, nikamfukuza. Mwanawe mdogo akaja kushtaki kwamba amepigwa, nikamwambia akapige naye. Mama mmoja wa laini ya chini akaja na barua yake. "Imekaa posta wiki mbili," nikamwambia, "itashindwa kukaa mpaka jioni?" Akaenda akinung'unika. Na yangu ilikuwa kifuani, inaniwasha kama upupu. Kila nikiigusa namwona Nekoye amelala kitandani, amegeukia ukuta. Mara mbili nilisimama nigonge. Mara mbili nikaketi.

Saa kumi na moja Mwalimu Wainaina akaingia na baiskeli yake.

"Poleni. Nani amefariki?"

"Kula kwanza, Mwalimu."

Akala. Akaangalia saa, kwa sababu ya kafyu. Nikamwongeza ugali. Akasema ameshiba, nikamwambia kwetu msibani mtu hasemi ameshiba, jambo ambalo nililitunga palepale. Alikuwa kwenye sahani ya tatu, maskini, anapumua kwa shida, mlango ulipofunguliwa.

Mama Ajwang akatoka. Uso umevimba, lakini anatabasamu kama msichana. Akampa Mwalimu kitabu kwa mikono miwili, kisha akanigeukia.

"Alifika," akasema.

"Mjane?"

"Alifika kwao. Kwa miguu."

Nilifurahi mpaka nikajishangaa, na huyo mjane hata simjui.

Mwalimu alipokwisha kuondoka, Mama Ajwang akaniangalia kifuani. "Mama Jared, hiyo karatasi iko hapo tangu saa ngapi?"

"Si kitu."

"Lete."

Nikampa. Siku zote akisoma barua zetu husoma kwa sauti moja kwa moja. Hii aliisoma kwanza kimoyomoyo.

"Nekoye amejifungua," akasema. "Msichana. Mzima, na mama yake mzima. Amezaliwa wakati wa kupanda, kama wewe. Wamemwita Nakhumicha."

Niliingia kwangu, nikakaa sakafuni, nikalia kwa sauti.

"Na huyu naye analilia punda gani?" nikamsikia Opiyo nje, mdomo umejaa ugali.

Mama Ajwang akachukua kile kigoda, akakileta mlangoni kwangu, akakaa.

"Mwacheni," akasema. "Mtu asimwite mpaka amalize."