Lango Linalotazama Kilele

Utomvu wa minyaa una harufu kali, na ukikuingia machoni utalia mpaka jioni. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya kiangazi tulichohamishwa. Kijiji chetu kiko kati ya Bunda na Butiama, chini ya kilima cha mawe. Upande mmoja ni mashamba ya pamba, upande wa pili mbuga ya udongo mweusi unaonasa miguu wakati wa masika. Kibao cha barabarani kinasema kijiji kilianza wakati wa Ujamaa. Si kweli. Kabla ya hapo tuliishi juu kilimani, kila ukoo na boma lake, na babu alizikwa huko huko, kuliani mwa lango la zizi, kama ilivyokuwa desturi ya mwenye mji. Kaburi halikuwa na msalaba wala saruji. Ng'ombe walipita, ardhi ikasawazika.

Amri ya kushuka ilipokuja, baba alisema mwenye nguvu mpishe, akaanza kubomoa paa. Aliyegoma ni bibi. Hakuogopa kuhama, aliogopa kwamba akifa hatalazwa ubavuni mwa mumewe, kwa kuwa hakuna atakayepakumbuka. Siku ya mwisho alitushikisha kamba ya ng'ombe, akapima kutoka kwenye mafiga yake hadi kaburini, kisha akakata mafungu ya minyaa kwenye ua wa zizi akashuka nayo.

Chini, bwana shamba alikuwa amepima viwanja vilivyonyooka kama matuta ya pamba. Alipomwona bibi anapanda minyaa kwa duara, alimwambia zizi lifuate mstari na lango lielekee barabarani. Bibi akamjibu kwa Kiswahili chake cha mnadani: “Ng'ombe halalagi kwenye mstari, mwanangu. Na lango letu linatazamaga kilele.” Watu wakacheka, bwana shamba naye akacheka, akaenda zake. Tangu hapo tulikatazwa kucheza kuliani mwa lango. Tukisahau, bibi alitukemea kwamba tunamkanyaga babu. Tulijua fika pale hakuna mtu. Tukasema bibi anazeeka vibaya.

Alifariki nikiwa darasa la saba. Huko juu moto wa kiangazi ulikuwa umeteketeza ua wote, na kuta zimekuwa vichuguu. Yalibaki mafiga tu. Wanaume walizunguka wakibishana, wengine wakitaka azikwe chini yaishe. Ghafla baba akawaacha, akashuka mbio hadi zizini kwetu, akapima kwa kamba kutoka jikoni mpaka pale tulipokatazwa kukanyaga. Akapanda nayo kilimani, akaivuta kutoka kwenye mafiga kuelekea kilele, wakachimba hapo. Pembeni mwa shimo likatokea jiwe bapa alilowekewa babu kichwani. Baba alilia mbele za watu.

Siku hizi barabara imepanuliwa, na duara la bibi limeng'olewa. Mimi naishi Nyasho, Musoma, wala sina hata mbuzi. Mwaka huu nimevunja banda la kuku ili kipimo cha bibi kitimie, nikapanda minyaa kwa duara nyuma ya nyumba. Wajukuu nimewakataza kucheza kuliani mwa lango. Nawaona wanavyotazamana: bibi anazeeka vibaya.